Nilivyomuua Shangazi wa Wakili

Kila neno utakalosoma hapa ni la kweli. Naapa kwa meno yangu ya mbele, ambayo bado ninayo mawili, na kwa vidole hivi vilivyochapa hati za viapo za nusu ya watu wa Tunduma. Mtu aliyechapa viapo vingi namna ile hawezi kudanganya. Anaweza kusahau kidogo tu, hasa pale panapomuumiza.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nawakumbusha. Mimi ni Tupokigwe wa Isongole, niliyeingia ofisini kwa Wakili Zahoro kama mfagiaji nikaibuka sekretari. Taipureta nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchapa Zaburi kila bosi alipokwenda kula. Wiki jana tuliishia pale bosi aliponikabidhi ufunguo wa kabati la majalada.

Siku ile ndipo nilipoanza kujiona wakili nusu. Leo nawasimulia jinsi ile nusu ilivyotaka kunipeleka jela.

Ulikuwa mwaka wa El-Nino. Mvua ilinyesha mpaka vyura wa Tunduma wakavuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta pakavu, na watu wa forodha hawakuwauliza kitu.

Tulikuwa na mteja anaitwa Loisi, mjane kutoka Msangano. Marehemu mumewe, Rubeni, alimwachia nyumba ya vyumba vitatu pale mjini. Hata hajavua nguo za msiba, shemeji yake Mika akaja na maneno laini: nyumba ni ya ukoo, Rubeni alikuwa anailinda tu, shemeji fungasha taratibu.

Loisi akaja kwetu kufungua kesi. Vyumba viwili alikuwa anapangisha, cha tatu analala na wanawe. Akishindwa, anarudi Msangano kwa kaka yake, ambako wifi yake alikuwa hamsalimii hata siku ya Krismasi.

Mtu aliyeujua ukweli alikuwa mmoja tu: Osea, kaka mkubwa wa Rubeni na Mika. Yeye ndiye aliyekuwepo Rubeni aliponunua kile kiwanja kwa mahindi yake mwenyewe. Lakini Osea alikuwa Ivuna anachemsha chumvi, na barabara ya Ivuna mwaka ule ilikuwa imejiunga na Ziwa Rukwa.

"Lori la chumvi likitoka, shemeji atatoka nalo," Loisi alinihakikishia. "Nimemtumia salamu na dereva."

Jumanne ya kesi ikafika. Osea hatujamwona.

Wakili naye hatujamwona. Alikwenda Mbeya jana yake kwa shughuli zake, na asubuhi ile akapiga simu ofisini, sauti inakwaruza kama anakaanga samaki.

"Tupokigwe, Mahakama Kuu wameniita ghafla, siwezi kuwahi. Nenda Vwawa, mwambie Hakimu niko Mahakama Kuu, aahirishe. Umesikia?"

"Nimesikia, Bosi."

Kusikia nilisikia. Ila njiani kwenda Vwawa nikaipima ile sababu, nikaiona nyepesi. Yaani unamwambia hakimu kwamba wakili hakuja kwake kwa kuwa yuko kwa mkubwa wake? Hiyo ni sawa na mwanamume kumwambia mke mdogo kwamba amechelewa kwa sababu alipitia kwa mke mkubwa. Ni kweli tupu, lakini atalala na njaa.

Basi mimi, kwa elimu yangu ya Zaburi, nikaamua kuiboresha.

Mahakamani Mika alikuwa amejaza benchi zima. Wazee wawili, mama mmoja mnene, na yeye mwenyewe katikati amevaa koti la harusi. Hakuwa na wakili. Alijitetea mwenyewe, na kwa bahati mbaya alijitetea vizuri. Kwenye benchi letu alikaa Loisi na kikapu chake.

"Wakili wa mdai yuko wapi?" Hakimu akauliza, macho kwenye jalada.

Nikasimama. Sekretari haruhusiwi kutetea kesi, lakini kubeba ujumbe anaruhusiwa. Shida ilikuwa kwamba ujumbe niliobeba sio niliopewa.

"Mheshimiwa, wakili amefiwa."

Hakimu akavua miwani. "Pole zake. Amefiwa na nani?"

Huko sikuwa nimefika. Kifo nilikiandaa, maiti sikuiandaa.

"Na shangazi yake, Mheshimiwa. Ndiye aliyemlea."

"Aliumwa?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa. Hakusumbua watu."

Mahakama nzima ikaguna kwa huruma. Hakimu akaandika, akapiga muhuri. "Shauri linaahirishwa mpaka Ijumaa. Mfikishie wakili pole zetu."

Hata Mika aliinuka akaja kunipa mkono. "Poleni sana, dada. Tutafika kuhani."

"Msijisumbue," nikamwambia haraka. "Msiba wenyewe uko mbali. Upareni huko."

"Kwani wakili yuko Upareni? Si anakaa Tunduma? Tutafika."

Loisi alilia, akajifuta kwa khanga yake. "Maskini wakili wangu. Kafiwa, na bado kakumbuka kunitumia mtu."

Mimi nikaenda kujipongeza kwa chai na chapati mbili. Nilijiona nimeokoa nyumba ya watu. Nilikunywa chai ile polepole, kama mtu mwenye shahada.

Kosa langu lilikuwa hapo kwenye chai. Watu wa Tunduma waliokuwepo mahakamani walipanda gari la mbele yangu, na habari zikapanda nao.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mtoto wa Isongole kama mimi sikulipigia hesabu. Wakili Zahoro alikuwa Mpare wa Usangi. Na Tunduma ile, Wachaga wenye maduka ya spea walikuwa wamejaa kama nyanya gulioni. Mpare na Mchaga ni watani. Mpare akifiwa, Mchaga hasubiri kuitwa. Anafunga duka, anakuja kumsumbua mfiwa mpaka mfiwa asahau kulia. Hiyo ni haki yake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Nilipokaribia ofisi nikasikia kilio. Naapa kilisikika mpaka ng'ambo, Wazambia wakasimamisha foleni ya malori.

Turubai limefungwa kutoka kwenye bati letu mpaka kwenye nguzo ya simu. Mafiga yameshawekwa mbele ya mlango, na sufuria ya nyama ya mbuzi inachemka. Barazani, kwenye kiti cha wakili, ameketi Emanueli, yule Mchaga mwenye duka la betri na springi mkabala na sisi, ambaye wote tulimwita Mangi. Amevaa joho jeusi la wakili, limemwenea bega moja tu. Mkononi ana kitunguu, kila machozi yakikauka anakinusa.

Ofisi waliifunguaje, mpaka leo sijui. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

"Uwiii!" Mangi analia. "Mpare amefiwa! Mbinguni hakukaliki tena! Marehemu hata hajapewa kitanda, ameshafungua kesi ya mpaka na malaika!"

Watani wenzake wakaitikia kwa kilio cha mpangilio, kama kwaya.

Mlangoni wamekaza kamba. "Hapiti mtu bila ushuru wa msiba!" Huyu anatoa yai, yule sigara. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuja kuulizia betri alilipa pakiti ya biskuti, akaketi kulia na wenzake bila kujua anamlilia nani.

"Mangi," nikamvuta joho, "tandueni hili turubai. Msiba ni wa Upareni."

"Upareni tunakwenda Jumamosi. Nimeshaongea na mtu wa basi."

"Basi?"

"Sekretari, unadhani tutamwacha Mpare amzike shangazi peke yake? Atapima kaburi kwa futi halafu adai chenji!"

Wakaja wazee wa msikitini na kanzu zao safi, wakaruka madimbwi, wakaketi kwenye mkeka wakaomba dua kwa roho ya mama ambaye saa ile huenda alikuwa Usangi anamenya ndizi. Nikaitikia amina mimi Mmoraviani, kwa sauti kuliko wote.

Halafu akaja Loisi. Nyuma yake mkokoteni, juu ya mkokoteni gunia la mchele.

"Mama Loisi, huu umeutoa wapi?"

"Ulikuwa mpunga wangu wa mbegu. Nimepita nao mashineni."

"Mbegu! Sasa mwakani utapanda nini?"

"Mbegu ya nini nikinyang'anywa nyumba? Wakili wangu ale, apate nguvu ya Ijumaa." Akachukua ungo, akaenda kuchagua mawe.

Mchele wa Msangano unanukia, nadhani mnajua. Nilipopewa sahani yangu ya ule, nilimsogezea yule dereva wa Zambia.

Jioni jioni Wakili Zahoro akashuka kwenye basi la Mbeya, mkoba juu ya kichwa kukinga mvua. Akaliona turubai. Akaangalia kibao cha ofisi kuhakikisha ni chake. Kitunguu cha Mangi kikatua chini.

Mangi akamfuata. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutania. "Pole, Mpare. Shangazi ametutoka."

"Shangazi Mwasiti?"

Wakili akauachia mkoba ukaanguka majini. Akakaa chini pale pale kwenye tope, na suti yake, akalia bila kutoa sauti.

Hapo, ndugu msomaji, nilitafuta mzaha wa kuweka, sikuupata.

Nikamshika mkono nikamwingiza ofisini, nikafunga mlango. "Bosi, usilie. Shangazi hajafa."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyemuua."

Nikamsimulia yote. Alinisikiliza akijifuta uso kwa tai. Nilipomaliza akavuta simu, akazungusha namba ya duka moja la Usangi, akaomba aitiwe shangazi. Tukangoja. Mara nikaisikia sauti ya Bi Mwasiti kutoka nilipokuwa nimesimama, maana alikuwa wa wale wanaoamini simu inahitaji kusaidiwa na mapafu.

"Nimekufa? Nimekufa na nini?"

"Ni makosa ya ofisi, shangazi."

"Ofisi yako ndiyo iniue? Na hao wanaonililia ni kina nani? Wachaga? Wape chai bila sukari!"

Wakili akaweka simu chini. Kwa dakika nzima alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akanigeukia, na kile kicheko kikaisha.

"Tupokigwe, nilikwambia ukaseme nini?"

"Mahakama Kuu."

"Hakimu yeyote akisikia wakili ameitwa Mahakama Kuu anaahirisha papo hapo. Ndio utaratibu. Ni sababu ambayo haiulizwi hata swali moja. Nimekupa sababu ya bure, umeiacha, umekwenda kuua mtu!"

Nikaangalia miguu yangu. Elimu ya Zaburi haikufika kwenye utaratibu huo.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Uongo wako umesemwa mahakamani kwa jina langu. Hakimu akiusikia kwa mtu mwingine kabla hajausikia kwangu, anafuta ahirisho, anafunga ushahidi wa upande wetu, na nyumba ya Loisi imekwenda. Toka nje uwaambie wale watu waende makwao. Kesho asubuhi tunamwendea Hakimu wenyewe."

Nikatoka. Nikapanda juu ya benchi.

"Jamani, nisikilizeni! Hakuna msiba. Nilisema uongo. Shangazi wa wakili yu mzima!"

Tone la maji likadondoka kwenye sufuria.

Halafu Mangi akaanguka chini kwa kicheko, joho likafunika miguu. "Sekretari! Kumbe na wewe mtani! Siku zote unajifanya mlokole!"

Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa msikitini akafuta machozi ya kucheka kwa pindo la kanzu.

Wakili akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, anasema kweli. Nimeongea na shangazi sasa hivi."

"Mmeona!" Mangi akaruka juu. "Mmemwona Mpare! Anamkataa maiti ili asitulishe! Amefufua mtu kuokoa mchele! Mama, pakua, pakua haraka kabla hajafufua na mbuzi!"

Walicheka mpaka turubai likaegemea upande na kumwaga maji yote juu ya wapishi. Sufuria ya pili ikaletwa. Niliapa, wakacheka. Nikalia kweli kweli, wakaniambia nalia vizuri kuliko Mangi. Yule dereva wa Zambia akanipa biskuti.

Niliyasema maovu yangu hadharani, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, na sikupata hata mtu mmoja wa kuniamini.

Yaani, nilimpata mmoja.

Mika alikuwa amekuja kuhani, kama alivyoahidi, ameketi pembeni na sahani yake. Yeye hakuwa Mpare wala Mchaga. Alikuwa Mnamwanga wa pale pale, na kwake mtu akipanda juu ya benchi akasema amedanganya, amedanganya. Akaiweka sahani chini. Akanawa mikono, akakaza koti lake, akaondoka bila kuaga.

Loisi akaniinamia sikioni. "Mika ameacha nyama."

"Ameshiba."

"Dada Tupo, nimekaa naye ukoo mmoja miaka yote hii. Mika haachi nyama."

Asubuhi Mangi alitupeleka Vwawa na pikapu yake, mimi, Wakili na Loisi. Alisema anakuja kwa kuwa haki zake za utani hazijaisha. Njia nzima alimuuliza Wakili marehemu anapenda kula nini.

Tulifika mapema. Mika alikuwa amefika mapema zaidi, na benchi lake lote: wazee wale wawili, mama yule mnene. Wamekaa kama watu waliolala pale.

Hakimu akatuita ndani sote. Mika akasimama.

"Mheshimiwa, jana uliahirisha kesi kwa ajili ya msiba. Mimi nimekwenda kuhani. Nimekalishwa, nimepewa wali. Sekretari huyu mwenyewe kapanda juu ya benchi kasema hakuna aliyekufa. Naomba ahirisho lifutwe. Shahidi hawana. Tumalize leo, nyumba irudi kwenye ukoo."

Nilimwona Loisi anakamata kikapu chake kwa mikono miwili.

Kabla sijaulizwa, sauti ikatoka nyuma. "Mheshimiwa, naomba kusema." Ni Mangi, mikono kifuani kama mtoto wa Sunday school. "Mimi Mchaga, wakili Mpare. Pale palikuwa pa utani. Katika utani mtu anaweza kusema marehemu hajafa. Mimi mwenyewe nilisema marehemu ananidai betri."

Watu wakacheka. Hakimu naye akazuia tabasamu. "Utani naujua. Kwetu tunao."

Ndugu msomaji, mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi, na Mchaga ameushikilia. Nilitakiwa kutikisa kichwa tu. Nitikise kichwa, Loisi abaki na Ijumaa yake, mimi nibaki na kazi yangu.

"Sekretari," Hakimu akanigeukia. "Jana kulikuwa na msiba au hakukuwa na msiba?"

Loisi ananitazama. Wakili ananitazama. Mangi ananikonyeza kwa jicho ambalo bado lilikuwa jekundu kwa kitunguu.

"Mheshimiwa," nikaanza, "kuna msiba wa kufa, halafu kuna msiba wa aina nyingine ambao..."

"Mheshimiwa." Wakili alikuwa amesimama. "Shangazi yangu yu hai. Jana jioni amenifokea kwa simu. Hakuna aliyekufa. Kosa ni la ofisi yangu, na nimekuja kulisema."

Loisi akafumba macho.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Na wewe jana ulikuwa wapi?"

"Mahakama Kuu, Mbeya. Hati ya wito wao ni hii."

Hakimu akaisoma. Akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Kisha akanitazama mimi, akanitazama kwa muda ambao ungetosha kuchapa ukurasa mzima.

"Wakili alikuwa Mahakama Kuu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Ukaona heri umuue shangazi."

"Niliona... wewe usijisikie mdogo, Mheshimiwa."

Naapa hata wazee wa Mika walicheka. Karani aliinama chini ya meza akijifanya ameangusha kalamu. Nilitamani ardhi ya Vwawa ipasuke, lakini ilikuwa imelowa mno.

Hakimu hakucheka. "Wakili alikuwa na sababu halali, kwa hiyo ahirisho linabaki. Ijumaa."

Loisi akafumbua macho.

"Lakini Ijumaa ni mwisho. Shahidi awepo, asiwepo, naendelea, na sisikilizi habari ya mvua wala ya maiti. Na wewe, sekretari, ningeweza kukuweka ndani. Sitakuweka, maana utawasumbua mahabusu. Mdaiwa na mashahidi wake wamekuja jana bure, wamekuja na leo. Gharama zao za siku zote mbili utazilipa wewe. Si wakili. Wewe. Na utazilipa kabla hujavuka geti."

Nikamwangalia Wakili. Wakili alikuwa anachunguza dari linalovuja. Nikamtafuta Mangi. Mangi alikuwa amekumbuka ghafla kwamba duka halina mtu, pikapu inanguruma nje. Watani wangu walijua sana njia ya kuja msibani.

Tukapanga mstari kwenye baraza ya mahakama. Nikamimina kila kilichokuwa kwenye pochi yangu, hakikutosha hata kwa mzee wa kwanza. Mika, kwa upole wake ule, akasema vitu pia vitapokelewa.

Mzee wa kwanza akaondoka na mwavuli wangu. Mwaka wa El-Nino! Wa pili akataka saa yangu ya mkononi, akaitega sikioni, akaridhika. Yule mama mnene alikuwa amevitazama viatu vyangu vya mchuchumio tangu jana yake. Nilivinunua Nakonde, sijavivaa kanisani hata mara mbili. Havikumwingia. Akasema haidhuru, atavishika mkononi.

Loisi akaja kando yangu anafungua fundo la khanga.

"Acha, Mama Loisi. Ni deni langu."

"Uongo wako ulikuwa mbaya," akasema. "Mchele wangu umeliwa na Wachaga. Lakini watoto wangu wamelala ndani jana, na watalala ndani mpaka Ijumaa. Na Ijumaa Osea atakuwa amefika."

Alibaki Mika. Sikuwa na kitu tena isipokuwa pochi yenyewe, tupu. Nikamnyooshea.

Hakuipokea mara moja. Alinitazama, akamtazama shemeji yake, kama mtu anayetuonea huruma.

"Mnahangaika bure na lori la chumvi," akasema.

"Litatoka tu," Loisi akamjibu.

"Lilitoka Jumapili, shemeji. Kaka Osea alikuwa juu yake. Nilimpokea mimi stendi. Ndugu yangu wa tumbo moja, ningemwacha alale wapi? Yuko kwangu. Anakula, anaota moto, hana shida." Akaichukua pochi, akaifungua kuhakikisha, akaifunga. "Ijumaa nitamleta mwenyewe. Ila atakaa benchi langu."

Loisi akakaa chini kwenye ngazi, kikapu kikabingirika mpaka uwanjani.

Mimi nikabaki peku kwenye tope, mkono bado nimeunyoosha mbele.